Gwanda Likivuliwa, Mwili Usistaafu

Katika vigango vyetu vingi yupo mzee ambaye kila mtu anajua kwamba aliwahi kuwa askari. Huenda ni babu yako. Akisimama husimama wima, na mtoto akipita mbele yake bila kumwamkia humrudisha. Lakini ukimtazama vizuri utaona kwamba siku nzima amekaa kwenye kiti kile kile chini ya mti. Maji anapelekewa, chakula anapelekewa, na kwenda chooni anangoja kushikwa mkono. Mtu aliyetembea kwa miguu hadi Uganda, leo kufika kwenye banda la kuku kunamshinda.

Majirani husema, "Ni uzee tu." Mwezi huu tunapenda kueleza kwamba mara nyingi siyo uzee peke yake. Nguvu nyingine zimepotea kwa sababu hazitumiki, na sehemu ya nguvu hizo inaweza kurudi.

Tunawazungumzia akina nani?

Wengi wao ni wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwezi Juni mwaka huo. Pamoja na JWTZ walikwenda pia vijana wa JKT, polisi, magereza na mgambo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979, leo amevuka miaka 65. Baada yao wapo waliotumwa Msumbiji miaka ya 1980, na wengine wenye umri mdogo zaidi waliolinda amani Darfur, Lebanoni na Kongo. Tunakumbuka shambulio la Semuliki, huko Kongo, la tarehe 7 Desemba 2017, ambapo askari wetu wengi waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Kwa hiyo askari mstaafu siyo lazima awe mzee mwenye mvi.

Kwa nini askari ana shida yake ya pekee?

Kwanza, mwili wake umebeba mizigo mizito kwa miaka mingi. Magoti, nyonga na mgongo vimechoka mapema. Wengine masikio yamepungua nguvu kwa sababu ya milio ya silaha.

Pili, jeshini siku yake ilipangwa. Palikuwa na saa ya kuamka, mchakamchaka, gwaride, kazi, na wenzake wa kucheka nao. Siku aliyovua gwanda vyote vilikoma kwa pamoja. Mkulima huzeeka akiwa na jembe lake mkononi, bali askari huacha silaha na kombania yake kwa siku moja.

Tatu, alifundishwa kuvumilia maumivu bila kulalamika. Fundisho hilo lilimfaa vitani, lakini uzeeni linaweza kumponza. Akiamua kufanya mazoezi, siku ya kwanza atataka kukimbia kama kuruta, goti litavimba, naye atarudi kwenye kiti chake akisema mazoezi hayamfai.

Tiba kwa vitendo ni nini?

Wengi tunaijua tiba ya viungo, ile ya kumnyoosha mgonjwa na kumpa mazoezi ya misuli. Tiba kwa vitendo ni ndugu yake. Mtaalamu wake huanza na kazi za maisha ya kila siku, yaani kuoga, kuvaa, kula, kulima, kwenda sokoni au kanisani. Hutafuta ni kipi kinachomzuia mtu kuifanya kazi hiyo, kisha huitumia kazi yenyewe kuwa dawa.

Tiba hii ilikua kutokana na vita. Chama cha kwanza cha wataalamu wake kiliundwa Marekani mwaka 1917, na walioitegemea sana ni majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya walioumia uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Kabla ya hapo watu kama hao waliachwa kitandani, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na maambukizo ya mkojo. Yeye aliwatoa kitandani na kuwapa kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wanajeshi wa zamani 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa katika viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano hayo madogo ndipo ilipozaliwa michezo ya Paralimpiki.

Hapa kwetu wataalamu hawa bado ni wachache, hata hivyo wanafundishwa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Anafanyaje kazi yake?

Mtaalamu anayeongoza mazoezi ya askari wastaafu haanzi kwa kupiga filimbi. Huanza kwa kuamkia, "Shikamoo mzee," kisha huuliza, "Ni kitu gani ungependa kukifanya ambacho sasa kinakushinda?" Tuseme mzee anajibu, "Nataka kuwalisha kuku wangu mwenyewe." Jibu hilo ndilo linalokuwa ramani. Ili alishe kuku ni lazima ainuke kwenye kigoda, atembee hatua 40, ainame na kubeba ndoo ya pumba. Kila kipande kinageuzwa kuwa zoezi, na kila wiki kinaongezwa kidogo. Mzee hataambiwa kwamba anafanya tiba ya miguu. Ataambiwa kwamba anajiandaa kuwalisha kuku.

Kisha humpima: presha, sukari kama inawezekana, na nguvu za miguu. Kipimo kimoja hata ninyi nyumbani mnaweza kukifanya. Mzee akae kwenye kiti imara kisicho na mikono, kiegemezwe ukutani. Akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30, nanyi mhesabu, mtu mmoja akiwa karibu ili asianguke. Mwanaume wa miaka 70 hadi 74 asipofikisha mara 12 yuko chini ya wastani wa umri wake na yumo katika hatari ya kuanguka. Andikeni hesabu hiyo ukutani kwa chaki, mpime tena baada ya mwezi.

Mwisho, hutengeneza mazingira. Kigoda kifupi huongezwa urefu. Kwenye choo cha shimo huwekwa kiti chenye tundu na mti wa kushika ukutani. Njia ya kwenda bafuni huondolewa mawe. Mara nyingi fundi seremala wa kijijini anaweza kuyafanya hayo kwa siku moja.

Mazoezi ya nusu saa

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wafanye mwendo wa wastani dakika 150 au zaidi kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na mazoezi ya kutoyumba siku tatu. Msiogope hesabu hiyo, kwani kutembea kwenda shambani nako kunahesabiwa. Mnaweza kuanza hivi, siku tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kali:

1. Kupasha mwili: kupiga hatua papo hapo, mkono mmoja ukishika kiti, dakika 5.
2. Kukaa na kusimama: mara 8, kupumzika, kisha mara 8 tena.
3. Kusukuma ukuta: simama hatua moja kutoka ukutani, kunja na kunyoosha viwiko mara 10.
4. Kuinuka kwa vidole vya miguu huku ameshika kiti: mara 10.
5. Kubeba: chupa ya maji ya lita moja kila mkono, hatua 20 kwenda na kurudi.
6. Kutoyumba: kutembea kisigino mbele ya vidole kando ya ukuta, hatua 10.
7. Kutuliza mwili: kutembea polepole na kuvuta pumzi ndefu, dakika 5.

Kiasi kinachofaa hujulikana kwa mdomo. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, kasi inatosha. Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Kiungo kikivimba, au maumivu yakizidi siku mbili, punguzeni nusu. Mwenda pole hajikwai.

Ni vizuri zaidi wakikutana wastaafu watatu au wanne. Kila siku mmoja awe ndiye anayehesabu na kutoa amri, "Mguu pande! Mguu sawa!" Mtaona jinsi migongo inavyonyooka. Asiyetokea atafuatwa na wenzake, na hapo kombania imerudi.

Simameni mara moja

Acheni mazoezi na mwone mganga iwapo mzee anabanwa na kifua, anapata kizunguzungu, pumzi inamkata kupita kawaida, au moyo unakwenda mbio bila kutulia. Uso ukipinda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, hicho ni kiharusi. Msingoje kesho, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo apimwe kabla ya kuanza.

Aliyekatwa mguu

Kosa la huruma ni kumwekea mto chini ya goti ili alale vizuri. Goti huzoea kujikunja, na mguu wa bandia hautaingia tena vizuri. Kigutu kilale kimenyooka. Kama anaweza, alale kifudifudi kwenye mkeka dakika 15 au 20, mara mbili kwa siku. Kioshwe na kukaguliwa kila siku kama kina kidonda. Akisema kidole cha mguu usiokuwepo kinamuuma, msimcheke wala msidhani amerogwa. Ni mishipa ya fahamu, na ni jambo linalojulikana na waganga. Mafundi wa viungo bandia wanafundishwa TATCOT, pale KCMC, tangu mwaka 1981.

Majeraha yasiyoonekana

Wapo wanaoamka usiku wakipiga kelele, wanaoshtuka mlango ukigonga, au wanaozamia pombe ili wapate usingizi. Huo siyo uoga wala wazimu, ni jeraha la vita. Katika mazoezi mtu wa namna hii asisimamiwe kwa nyuma. Akae mahali anapouona mlango, na watoto wasipasue chupa za plastiki karibu naye. Msimlazimishe kusimulia. Mwendo wa pamoja na kazi ya mikono, kama kusuka kamba au kutengeneza mzinga wa nyuki, humtuliza wengi. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake, wekeni mbali silaha na dawa za shamba, na mpelekeni hospitali.

Familia ifanye nini?

Hapa ndipo penye ugumu. Sisi tumelelewa kwamba kumheshimu mzazi ni kumfanyia. Mkwe akimwona baba mkwe anabeba ndoo huona aibu kwa majirani. Lakini kila kazi tunayomnyang'anya kwa heshima tunamnyang'anya na misuli yake. Hata siku 10 za kulala tu humpunguzia mzee nguvu za miguu. Na mzigo wote humwangukia mama wa nyumba, ambaye naye ni mzee, anayemwinua kitandani kila siku mpaka mgongo wake mwenyewe unavunjika.

Kwa hiyo, kabla ya kumsaidia ngojeni kidogo. Afunge vifungo vyake mwenyewe hata akichukua dakika 10. Mpeni kazi ya kweli, siyo ya kumchezesha: kupepeta alizeti, kuchagua vitunguu, kuhesabu kuku jioni. Na mwulizeni kwanza, msimpangie.

Kwa ushauri zaidi anzieni hospitali iliyo karibu, kama ya mkoa Singida, Makiungu au Mtakatifu Gaspari Itigi. Ulizieni tiba ya viungo na tiba kwa vitendo. Wakikosekana, ombeni mwelekezwe wanakopatikana.

Kesho asubuhi mzee akisema, "Nileteeni maji," mjibuni kwa adabu, "Baba, kikombe kiko mezani. Twende wote." Kutoka kwenye kiti hadi mezani ni hatua sita tu. Ziwe ndizo mchakamchaka wake wa kwanza.