Kangaga pembe: kwa nini ni gumu kuotesha?

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, tazama mashina ya miti mikubwa. Huenda ukaona mmea wenye majani yaliyogawanyika kama pembe za mnyama. Hilo ni kangaga la jenasi ya Platycerium. Spishi ya pwani yetu ni Platycerium alcicorne, ambayo huota pia Kenya, Msumbiji na Madagaska.

Je, ni kimelea?
Hapana. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa. Kimelea hunyonya chakula cha mwenyeji wake. Kangaga hili limejishikiza tu kwenye gome. Lina klorofili na hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Maji hupata kwenye mvua na umande, na madini kwenye takataka zinazooza. Mmea wa namna hii huitwa epifiti.

Majani ya aina mbili
(a) Majani ngao: hukumbatia shina la mti na kufunika mizizi. Yakizeeka huwa ya kahawia, lakini bado huhifadhi unyevu. Usiyakate ukidhani hayana kazi.
(b) Majani pembe: hufanya usanisinuru na kubeba spora upande wa chini wa ncha zake.

Ugumu uko wapi?
Spora si mbegu. Mbegu ina kiinitete na akiba ya chakula. Spora ni seli moja tu (n). Ikiota hutoa protalo, yaani gametofaiti: kipande kidogo, bapa, cha kijani. Mbegu za kiume huogelea hadi kwenye yai. Pasipo maji hakuna utungisho. Maji yakizidi, ukungu huua protalo. Zaigoti (2n) hukua kuwa kangaga lenyewe, yaani sporofaiti, ambalo hutoa spora kwa meiosisi.

Ndiyo maana mwoteshaji humwagia udongo maji yanayochemka ili kuua ukungu, huuacha upoe, hunyunyiza spora bila kuzifukia, kisha hufunika chombo kwa plastiki inayopitisha mwanga na kukiweka kivulini. Mche ukikomaa hufungwa kwenye gogo, haupandwi ardhini.

Kubandua kangaga msituni huchukua dakika. Kupata jingine kutokana na spora huchukua miaka. Ukiliona, liache mtini.

Swali la kujipima
Toa sababu mbili zinazofanya makangaga yahitaji mahali penye unyevu.
Dokezo: fikiria mwendo wa mbegu za kiume, na wembamba wa protalo.