Fundi wa Matombo, mashine ya kupimia gari na jina la Toyota

Tuseme umepanda Noah kutoka Matombo kwenda Morogoro mjini, nyuma kuna mikungu ya ndizi na gunia la pilipili manga. Kabla hata hamjafika Mkuyuni, kwenye kilima, gari linaanza kumisi na ile taa ya njano yenye picha ya injini inawaka. Dereva anaegesha, anampigia fundi. Fundi anakuja na kidude kidogo kama kiberiti, anakichomeka chini ya usukani, anaangalia simu yake na kusema: "Silinda ya pili."

Amejuaje? Na je, aliyemuuzia kidude hicho kilichoandikwa "TOYOTA" kwa herufi kubwa amevunja sheria?

Tuanze na la kwanza. Kompyuta ya gari hupima mambo mengi muda wote, ukiwemo mwendo wa injini. Silinda moja isipochoma mafuta vizuri, injini inayumba kidogo, kompyuta inaona na kuandika kodi, kwa mfano P0302. P ni injini na gia. 0 inamaanisha kodi hii ni ya wote, si ya kampuni moja. 3 ni upande wa uwashaji wa mafuta, na 02 ni silinda ya pili. Marekani ililazimisha mfumo huu, OBD-II, kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana OBD-II si jina la biashara la mtu. Ni kiwango, kama saizi ya betri ya tochi.

Kodi haikwambii ubadilishe spea gani, na hapa wengi hupoteza hela. Fundi mzuri atahamishia koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, anaangalia plagi, kisha nozeli. Jaribio la kisayansi kabisa, barabarani.

Sasa jina. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili unafanyika BRELA (Zanzibar ina msajili wake, hivyo usajili wa huku hauvuki bahari). Kazi kubwa ya alama ni kukuambia bidhaa imetoka kwa nani. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: mnunuzi akisoma maandishi haya, atadhani nani katengeneza?

"Inasoma magari ya Toyota" ni maelezo. Bila kulitaja jina hilo, muuzaji ataelezaje kifaa chake kinafanya kazi kwenye gari gani? Lakini ukibandika nembo ya Toyota juu ya kifaa kilichotengenezwa na mtu mwingine, au ukaandika "wakala wa Toyota" wakati siyo, hapo unadanganya. Tume ya Ushindani, FCC, inashughulika na bidhaa bandia, na mzigo wako unaweza kukamatwa.

Mfano mzuri ni kesi ya BMW dhidi ya Deenik. Gereji moja ya Uholanzi, isiyo wakala wa BMW, ilikuwa ikijitangaza kuwa ni mtaalamu wa magari hayo. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema inaruhusiwa, mradi tangazo lisimfanye mteja aamini kwamba gereji ina uhusiano wa kibiashara na BMW. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Tanzania, ila kwangu mimi hoja yake ni ya akili ya kawaida.

Usichanganye jina na programu. Kunakili programu ya kampuni na kuiuza kwenye flashi ni suala la hakimiliki, na kuandika "inafaa kwa Toyota" hakukusaidii chochote.

Halafu kuna kufuli. Kodi za wote zinasomeka kwa kifaa cha bei rahisi, lakini kusajili funguo mpya au kubadili kompyuta ya gari mara nyingi kunataka programu ya mtengenezaji. Sheria yetu ya alama haimlazimishi kampuni kumfungulia fundi mlango huo. Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliupitisha mwaka 2012. Afrika Kusini, Tume yao ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza Julai 2021, unaolenga kuwapa mafundi wasio mawakala nafasi ya kufanya kazi na kupata taarifa. Nadhani sisi tunauhitaji zaidi, maana wakala hayupo Matombo.

Ukitaka kuviuza vifaa hivi, onyo moja. Vingi vinadai kuwa na chipu ya ELM327, ya kampuni ya Kanada ambayo matoleo yake ya mwanzo yalinakiliwa kirahisi. Ukiona "v1.5", jua kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo hilo. Pia magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, Noah zikiwemo, yana tundu lile lile la pini 16 lakini yanaongea lugha nyingine, na kifaa hakitasoma kitu. Andika hivyo kwenye boksi kabla mteja hajapanda nacho milimani.