Upendo Unaofundishwa kwa Mikono

Mapema mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwasili Kampala pamoja na mumewe, ambaye alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alitaka kujua mtoto wa Kiganda hupatwa na nini anapoachishwa ziwa. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi mtoto huyo hupelekwa kwa bibi yake ili asahau titi la mama. Alipoingia vijijini aliona kuwa ni familia chache tu zilizokuwa bado zinaishika desturi hiyo. Swali lililompeleka huko likakosa maana, lakini watoto walikuwepo, na mama zao walikuwa wakarimu. Akaamua kukaa na kutazama.

Kwa miezi kadhaa aliwafuatilia watoto 28 wa familia 26, akizitembelea nyumba zao kila baada ya wiki mbili hivi. Alikwenda alasiri, saa ambazo kina mama walikuwa wametoka shambani na wanaweza kupokea wageni. Akisaidiwa na mkalimani, aliandika mambo ambayo bibi yeyote angeyaona ya kawaida mno hata kuyasema: mtoto akilia hunyamaza kwa nani, akitambaa humfuata nani, akishtushwa na mgeni hukimbilia mapaja ya nani.

Wakati ule wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye mwenye maziwa. Akishiba, hupenda. Aliyoyaona Ainsworth hayakukaa vizuri ndani ya maelezo hayo. Mtoto aliyeshiba aliteremka mapajani, akatambaa hadi mlangoni, akagusa kile na kuonja hiki, kisha akageuka kumtazama mama yake kabla ya kusonga mbele tena. Hakuwa akitafuta chakula. Alikuwa akihakikisha kwamba ngome yake ingali pale, ndipo apate ujasiri wa kuujua ulimwengu.

Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka mwaka 1967. Kati ya watoto 28, aliwahesabu 16 kuwa wenye kushikamana na mama kwa utulivu, 7 kuwa wenye wasiwasi, wanaolia hata wakiwa wamebebwa, na 5 kuwa bado hawajashikamana na mtu. Ni nini kilichowatenganisha? Idadi ya walezi haikuwa na uzito. Mtoto aliyelelewa pia na shangazi, dada au bibi hakuwa na upungufu kwa sababu hiyo. Kilichojitokeza ni kwamba mama wa watoto watulivu walijua kusimulia. Ukiwauliza habari za mtoto, walieleza kwa undani anavyolala, anachokiogopa, kilio chake cha njaa kinavyotofautiana na cha usingizi. Mama aliyeweza kusimulia hivyo ni yule aliyekuwa ameangalia, na mtoto wa mtu anayeangalia hujua kwamba akiita ataitikiwa.

Kuitikiwa huko ndiko somo la kwanza la upendo, na wanafunzi wake hulifahamu mapema kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1970, Edward Tronick wa Marekani alibuni jaribio rahisi. Mama anacheza na mtoto wa miezi michache, wanachekeana. Kisha anageuka pembeni, na akirudi uso wake ni mkavu kabisa, hauna tabasamu wala neno. Mtoto hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele, akijaribu kumrudisha mama mchezoni. Akishindwa, hugeuza uso na kuanza kulia. Yote hayo hutokea ndani ya dakika chache. Mzazi anayenyonyesha huku macho yameganda kwenye simu ana sababu ya kulifikiria jaribio hili.

Asijilaumu kupita kiasi, hata hivyo. Tronick huyohuyo aligundua kwamba hata mama na mtoto wanaopendana vizuri hupishana sehemu kubwa ya muda wao: huyu anataka kucheza, yule amechoka, huyu anacheka, yule anakunja uso. Kinachomjenga mtoto ni kule kupatana tena, mara nyingi kwa siku. Hapo hujifunza kwamba kukosana si mwisho wa mambo.

Kosa kubwa lingekuwa kudhani kwamba kuna namna moja tu ya kuitika. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti kwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1970, walikuta mama ambao hawakuwa na mazoea ya kuwakodolea watoto macho na kuwapigisha soga. Mtoto alipochangamka sana, mama aligeuza macho pembeni ili atulie. Kwa kipimo cha Boston, Marekani, mama huyo angeonekana baridi. Lakini mtoto alipolia, alishikwa upesi, akabebwa, akanyonyeshwa. Mama wa Kigusii aliitika kwa mikono na mgongo zaidi kuliko kwa maneno, na mtoto alielewa.

Pasipo na wa kuitika kabisa, hasara ni kubwa. Huko Bucharest, Romania, watafiti kutoka Marekani walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo, wakiwa na vyakula na vitanda ila mlezi wa kudumu hawana. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walipelekwa kwa familia za kuwalea. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi ndio walioweza zaidi kushikamana na walezi wao wapya kama watoto wengine.

Lakini kupokea ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili, ile ya kutoa, ilionekana Oyugis, katika nchi ya Wajaluo wa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanaanthropolojia Carol Ember alikuta nyumba ambazo hazikuwa na binti mkubwa, hivyo mama aliwapa wavulana kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana: kumbeba mdogo, kumlisha, kupika. Aliwalinganisha na wavulana wengine wa rika lao. Waliopewa kazi hizo walikuwa wapole zaidi, si wagomvi sana, na wepesi wa kuwasaidia wenzao, hata katika saa ambazo hawakuwa kazini. Kazi za ndani ya nyumba, karibu na mtoto mchanga, ziliwabadilisha kuliko zile za nje kama kuteka maji.

Wavulana wale hawakuhubiriwa habari za upendo. Walikabidhiwa mtoto anayelia, wakatakiwa wajue anataka nini. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki bado humwita binti peke yake mtoto mchanga anapolia, hata kaka yake akiwa amekaa papo hapo. Mzazi, mwite na yeye.