Bendera Haitoshi Kuwa Dola: Somo la Katanga kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Mtu akisimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika ukanda huu wa Karema, Ikola na Kapalamsenga, siku ambayo mvua imeosha hewa, huiona milima ya ng'ambo imejipanga mfano wa ukuta. Upana wa wastani wa ziwa lile ni kiasi cha kilomita 50 tu. Wavuvi wa huku na wa kule hutafuta dagaa na migebuka ileile, na wakikutana majini husemezana kwa Kiswahili. Hata majina yamefanana: wilaya yetu huku yaitwa Tanganyika, na jimbo la ng'ambo, tangu Kongo ilipogawa upya majimbo yake mwaka 2015, nalo laitwa Tanganyika.

Hata hivyo, wengi wetu tumesahau kwamba ng'ambo ile, si katika zama za mababu bali katika umri wa wazee wetu walio hai, ilizaliwa dola, ikaishi miezi 30, ikafa. Dola hiyo ilijiita Katanga. Leo, ndugu msomaji, twapenda kueleza jinsi ilivyoundwa, kwani aijuaye njia iliyopitwa na jirani hapotei kirahisi katika njia yake mwenyewe.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba habari za Katanga hazikuanzia ng'ambo. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, mtumishi wa chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alijenga kituo hapa Karema. Miaka minne baadaye, kutoka Karema, wenzake walivuka na kujenga Mpala, upande wa pili. Hivyo ardhi yetu ilikuwa kizingiti cha mlango ambao ukoloni wa Kibelgiji uliingilia katika nchi za magharibi ya ziwa. Katika bara la Katanga yenyewe alitawala Msiri, mtu aliyetoka katika nchi za Unyamwezi, akajenga mji wake Bunkeya na kufanya biashara ya shaba, pembe na watumwa. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliokusanya wapagazi wake Zanzibar na mwambao, ulifika Bunkeya, na Msiri akapigwa risasi akafa. Basi mtu wa Visiwani asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Njia ya kwenda Katanga ilianzia bandarini kwake.

Baada ya Msiri ilikuja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, nayo ikachimba shaba na kobalti, na urani ya Shinkolobwe iliyotumika katika bomu lililouangamiza mji wa Hiroshima mwaka 1945. Katanga ikawa ghala la Kongo nzima. Watu wengi wa Kasai waliletwa kufanya kazi migodini na maofisini, na wengine wakapanda vyeo kuliko wenyeji. Hapo ndipo manung'uniko yalipozaliwa: utajiri unatoka kwetu, unaliwa kwingine, na hata kazi zilizosalia zimeshikwa na wageni. Mwaka 1958 manung'uniko hayo yalipata chama, CONAKAT, na chama hicho kikampata kiongozi, Bwana Moïse Tshombe, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Pamoja naye alikuwapo Godefroid Munongo, mtu wa ukoo wa Msiri yule yule.

Haki inatutaka tuseme wazi kwamba manung'uniko yale hayakuwa uzushi mtupu. Mwananchi anayeishi juu ya shaba huku hana shule wala dawa ana haki ya kuuliza. Kosa halikuwa swali. Kosa lilikuwa jibu, na wale waliolinunua jibu hilo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Joseph Kasa-Vubu akiwa Rais na Patrice Lumumba Waziri Mkuu. Siku tano tu zilipita, askari wakaasi dhidi ya maofisa wao Wabelgiji. Tarehe 10 Julai majeshi ya Ubelgiji yaliingia Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, ambao leo ni Lubumbashi. Kesho yake, tarehe 11 Julai, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, akidai kwamba anaikimbia ghasia. Tarehe 12 Julai ndege iliyowachukua Kasa-Vubu na Lumumba ilikatazwa kutua Elisabethville. Rais na Waziri Mkuu wakazuiwa kuingia katika jimbo la nchi yao wenyewe.

Tazama sasa jinsi dola ilivyosimamishwa. Ilihitaji hazina, nayo ikaipata: kodi ambazo kampuni ya madini ilikuwa ikilipa serikali kuu zililipwa kwa Tshombe. Ilihitaji jeshi: likaundwa jeshi la Jandarmeri chini ya maofisa wa Kibelgiji, kisha wakaongezwa mamluki kutoka Ulaya na Afrika ya Kusini. Ilihitaji watumishi: Wabelgiji walibaki maofisini na washauri wapya wakaletwa. Ilihitaji alama: ikapata wimbo wa taifa, stempu, noti zake yenyewe, na bendera yenye misalaba midogo ya shaba, ile ambayo zamani ilitumika kama fedha katika nchi hiyo. Kwa mtazamaji wa mbali, hakuna kilichopungua. Palikuwa na Rais, mawaziri, bunge, forodha na gwaride.

Lakini vilipungua vitu viwili, na bila hivyo dola ni nyumba isiyo na msingi.

La kwanza ni ridhaa ya watu wake wenyewe. Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 tu kati ya 60 vya bunge la jimbo, na wapinzani wake wakuu, wakiongozwa na BALUBAKAT ya Jason Sendwe, walipata 23. Chama hicho kiliweza kuunda serikali peke yake baada ya Ubelgiji kubadili sheria. Kwa hiyo Tshombe aliposema kwa jina la Katanga, karibu nusu ya Katanga haikuwa imemtuma. Kaskazini ya jimbo, ambayo ndiyo inayotazamana na sisi, Wabaluba walikataa. Vita vikawaka. Vijiji vilichomwa na askari wa Tshombe, na vijana wa Kibaluba nao wakaua bila kuchagua. Tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, si mbali na mji wa ziwani uliokuwa ukiitwa Albertville na leo Kalemie, askari tisa wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa waliuawa katika shambulio la kuvizia. Mwanzoni mwa mwaka 1961 watu wa kaskazini walitangaza jimbo lao mjini Manono, wakaliita Lualaba. Ndivyo ilivyo: aliyejitenga kwa nguvu alishangaa kuona na wengine wanajitenga naye. Na huko Elisabethville, katika mwaka huo huo, makumi ya maelfu ya Wabaluba walikimbilia kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, wakiikimbia serikali iliyodai kuwa ni yao.

La pili ni kutambuliwa. Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua rasmi Katanga. Hata Ubelgiji, iliyoipa maofisa na silaha, haikuthubutu kutia saini. Tufikiri maana yake: mlezi aliyemlea mtoto kwa siri, na mbele ya watu akamkana.

Dola isiyo na ridhaa hulazimika kulindwa kwa damu. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, aliyekuwa amekwisha kupinduliwa na kufungwa, alisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule ule wote watatu walipigwa risasi, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Ubelgiji ilikubali sehemu yake ya dhamana na kuomba radhi mwaka 2002. Mwaka 2022 ilirudisha jino moja, ndilo pekee lililosalia la mwili wa Lumumba, likazikwa kwa heshima. Mtu aliyetaka Kongo iwe moja alirudi kwao akiwa jino. Nani atasoma hayo asiinamishe kichwa?

Mwisho ulikuja hatua kwa hatua. Baraza la Usalama liliruhusu nguvu itumike ikiwa hapana njia nyingine, na Novemba 1961 likalaani kujitenga huko waziwazi. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akiwa njiani kwenda kuonana na Tshombe. Desemba mwaka huo Tshombe alitia saini Kitona kwamba anaikubali Kongo moja, kisha akasitasita. Mwisho wa Desemba 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalisonga mbele, na tarehe 14 Januari 1963 Tshombe alikiri kwamba kujitenga kumekwisha. Bendera ikashushwa. Lakini kampuni iliendelea kuchimba hadi serikali ya Mobutu ilipoitaifisha, na Tshombe mwenyewe alirudi mwaka 1964 akawa Waziri Mkuu wa Kongo ile ile aliyoikimbia. Waliokufa hawakurudi.

Sasa msomaji mwenye kumbukumbu atatuuliza swali gumu, nasi hatutalikwepa. Je, Tanzania, iliyoipinga Katanga, siyo iliyoitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968? Ndiyo, ni yenyewe. Tena Mwalimu Nyerere huyo huyo ndiye aliyekuwa mstari wa mbele mjini Cairo mwaka 1964, nchi za Afrika zilipokubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Wapo waliotuita wenye ndimi mbili. Lakini Mwalimu alieleza sababu yake: umoja wa nchi ni amana inayosimama juu ya ridhaa, na watu waliochinjwa kwa maelfu mwaka 1966 kwa kosa la kuwa Waibo, wakakosa ulinzi wa serikali yao, hawawezi kurudishwa katika umoja kwa mtutu wa bunduki. Mtu anaweza kukataa hukumu ile. Biafra nayo ilikufa Januari 1970, na Nigeria ikaendelea kuwa moja. Hata hivyo kipimo kilikuwa kimoja katika mashauri yote mawili. Mwalimu hakuuliza bendera ina rangi gani. Aliuliza watu wanasemaje, na nani anayelipa.

Kipimo hicho kinatuhusu sisi wenyewe. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanajua kuliko yeyote kwamba Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 umekuwa na manung'uniko yake. Mwaka 1984 mjadala ulipopamba moto, Mzee Aboud Jumbe aliachia nyadhifa zake. Lilikuwa jambo zito, na si kila mtu aliridhika. Lakini lilimalizwa vikaoni; hakuna kijiji kilichochomwa, wala kampuni ya kigeni iliyokuja kununua upande mmoja dhidi ya mwingine. Zanzibar ina serikali yake, Baraza lake la Wawakilishi na Katiba yake. Wana-Katanga waliotaka shirikisho mwaka 1960 hawakupata meza ya namna hiyo ndani ya nchi yao, na mgeni akawatandikia yake. Mwenye kuulinda Muungano hana budi kuilinda kwanza meza hiyo, na kumwacha kila mtu aseme juu yake bila hofu.

Kwa viongozi wa serikali tunalo neno la mwisho. Wananchi wa pembezoni, iwe Kapalamsenga au Micheweni, wakiuliza habari za barabara, zahanati na mgawo wa mali inayotoka katika ardhi na maji yao, wanaitendea nchi wema. Kuundwa kwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012 kulikuwa njia moja ya kuisogeza serikali karibu na waulizaji hao, na hatua kama hiyo hujenga umoja kuliko hotuba mia. Lakini ofisa anayeziba masikio, akaliita kila swali uchochezi, anamwandalia Tshombe wa kesho wafuasi wake. Mpanda tumeijua gharama ya kuchelewa: makazi ya Katumba na Mishamo yalijengwa na watu waliozikimbia nchi ambamo maswali yalijibiwa kwa risasi.

Jioni ikiingia ziwani, milima ya ng'ambo hutoweka na taa za wavuvi huanza kuwaka, zisijulikane zipi ni za Kongo na zipi ni zetu. Kule palikuwa na dola yenye shaba, noti, jeshi na wimbo, na haikudumu miaka mitatu. Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katanga ulikuwako ufa, na waliokuja na udongo hawakuja kuuziba, walikuja kujenga ukuta.