Mcheza Kwao Asipotunzwa

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Lakini, msomaji, viko viwanja vilivyomwona mwana wa nyumbani akicheza hadi uzeeni bila ya kutunzwa. Hali hiyo ilimfika marehemu John O'Neil, maarufu kwa jina la Buck, bingwa wa besiboli huko Marekani.

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira, wa jamaa moja na kriketi tuijuayo. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi 1947, ligi kuu za mchezo huo hazikuwapokea watu weusi. Watu weusi, walipofungiwa mlango, walijiundia timu na ligi zao wenyewe.

O'Neil alizaliwa mwaka 1911 katika jimbo la Florida. Utotoni alifanya kazi katika mashamba ya mboga huko Sarasota, na skuli ya sekondari ya mji huo hakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1938 alijiunga na Kansas City Monarchs, timu ya watu weusi iliyovuma sana, akawa mlinzi wa kituo cha kwanza. Mwaka 1942 walitwaa ubingwa. Jackie Robinson, aliyepata kuichezea Monarchs, alipoivunja miko mwaka 1947 kwa kuingia Brooklyn Dodgers, O'Neil alikuwa na umri wa miaka 35. Jua lake la uchezaji lilikwisha kuinama.

Hakususa. Mwaka 1948 alishika umeneja wa Monarchs, akawalea vijana, miongoni mwao Ernie Banks. Baadaye Chicago Cubs ilimwajiri kuwatafuta wachezaji wenye vipaji, na ndiye aliyemleta Lou Brock. Mwaka 1962 timu hiyo ilimfanya kocha, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika ligi kuu.

Cheo alipewa, kazi akanyimwa. Hakuachiwa hata siku moja kusimama kando ya mstari kuwaelekeza wakimbiaji mchezo ukiendelea. Siku moja waamuzi waliwatoa makocha wenziwe uwanjani. O'Neil yuko papo hapo, tayari. Akaitwa mwengine kutoka mbali, yeye akaachwa ameketi.

Wanafunzi wake waliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli mjini Cooperstown: Banks mwaka 1977, Brock mwaka 1985. Mwalimu alibaki mlangoni. Mwaka 2006 kamati maalumu iliwachagua watu 17 wa zile ligi za weusi, wote wamekwisha kufa. O'Neil, mzee wa miaka 94, hakuwamo.

Je, alinuna? La. Alikwenda Cooperstown siku ya sherehe, akasimama jukwaani na kuwasemea wale 17 ambao hawakuwa na ndimi tena. Mwezi Oktoba mwaka huo huo akafariki. Jumba lilimfungulia mlango mwaka 2022.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; na hatimaye alipewa. Lakini tunza hutolewa ngoma ingali ikilia, mchezaji apate kuipokea kwa mkono wake. Iliyomfika O'Neil ilipokewa na jamaa zake. Nasi tuwatazame wazee waliotufunza, wangali hai.