Mfupi lakini tishio: Je, gadi wa sentimeta 173 ana nafasi kwenye kikapu cha vyuo Marekani?

Usiku wa Machi 17, 2023, mjini Columbus, Ohio, Demetre Roberts aliingia uwanjani na urefu wake wa sentimeta 173. Huo ni urefu wa jamaa wa kawaida kabisa unayepishana naye kituo cha daladala. Upande wa pili alikuwepo Zach Edey wa Purdue, sentimeta 224, ambaye msimu huohuo alitangazwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo.

Chuo cha Roberts, Fairleigh Dickinson (FDU) cha New Jersey, kilikuwa na timu fupi kuliko zote kwenye daraja la kwanza la NCAA, lenye timu zaidi ya 360. Msimu mmoja nyuma kilikuwa kimeshinda mechi 4 na kupoteza 22. Kwenye mashindano ya taifa Purdue walipangwa namba 1 katika kanda yao, FDU wakapangwa namba 16, yaani mkiani. Hadi usiku ule, kwa upande wa wanaume, namba 16 alikuwa amemtoa namba 1 mara moja tu katika historia.

Mechi ikaisha FDU 63, Purdue 58.

Kila mtoto mfupi anayependa kikapu ameshaambiwa sentensi ileile: “Wewe ungecheza mpira wa miguu tu.” Kwa ngazi ya vyuo Marekani, ambako anayechaguliwa analipiwa ada na siku hizi anaingiza na pesa, sentensi hiyo ina uzito. Je, ni ya kweli?

Jibu fupi: hapana. Ila kuna masharti, na masharti yenyewe ni magumu.

Mfupi ni nani hasa?

Kwanza tuelewane. Gadi, hasa yule wanayemwita pointi gadi, ndiye anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi. Kwenye vyuo vikubwa gadi wa sentimeta 190 hashangazi mtu. Kwa hiyo “mfupi” huko ni mtu wa 183 kushuka chini, ambaye mtaani kwetu tungemwita mrefu.

Na vipimo vyenyewe usiviamini sana. Vyuo vina kawaida ya kuongeza inchi moja au mbili kwenye orodha ya wachezaji. Hata NBA ilibidi mwaka 2019 iweke utaratibu wa kupima wachezaji bila viatu, na baadhi yao “wakapungua” ghafla.

FDU walifanyaje?

Edey hakuzuiwa. Alipata pointi 21 na ribaundi 15, kazi ya kawaida kwake. Kilichozuiwa ni njia ya mpira kumfikia.

Mtu wa sentimeta 224 chini ya kikapu ni hatari pale tu anapopewa mpira. Anayempa ni gadi, na gadi anatoka na mpira mbali, mita zaidi ya 20 kutoka alipo huyo mrefu. FDU waliwabana Purdue kuanzia huko nyuma, uwanja mzima, Roberts na wenzake wakiwa wamewaganda waliobeba mpira kama kupe. Purdue walipoteza mpira mara 16. Walipojaribu kufunga kwa mbali, waliingiza mitupo 5 tu ya pointi 3 kati ya 26.

Hapa ndipo ufupi unapogeuka kuwa silaha. Mpira wa kikapu, ukiacha sekunde chache za kutupa na kugombea ribaundi, unaishi chini. Ukiudunda, unazunguka kati ya sakafu na kiuno. Mtu mrefu anaudunda kutoka juu zaidi, kwa hiyo unakaa hewani muda mrefu zaidi kabla haujarudi mkononi. Mlinzi mfupi mikono yake iko palepale njiani, na hahitaji kuinama sana ili aufikie. Pia anageuka upesi kwa sababu uzito wake uko karibu na ardhi.

Ukitaka mfano wa mtu aliyeishi kwa kazi hiyo, mtazame Zakai Zeigler wa Tennessee, sentimeta 175. Ligi ya SEC imejaa wanariadha wenye miili ya kutisha, lakini mwaka 2024 na tena 2025 makocha wa ligi hiyo walimchagua yeye kuwa mlinzi bora. Soma tena: mlinzi bora, si mfungaji. Alitakiwa na vyuo vichache sana. Ofa ya Tennessee ilimfikia Agosti 2021, masomo yakiwa yanakaribia kuanza. Alipoondoka alikuwa anaongoza historia nzima ya chuo hicho kwa pasi za kufungisha na kwa kupora mipira.

Kufunga mbele ya miti mirefu

Kuzuia ni upande mmoja. Utafungaje wakati kila anayekusimamia anakuzidi kichwa?

Sheria zimesaidia. Mstari wa pointi 3 uliingia rasmi kwenye kikapu cha vyuo vya wanaume msimu wa 1986-87. Tangu hapo mfupi anayejua kutupa hahitaji kuingia msituni kabisa. Mwaka 2019 mstari ukasogezwa hadi mita 6.75, na matokeo yake walinzi wanalazimika kutoka nje zaidi, katikati panabaki wazi. Halafu kuanzia msimu wa 2013-14 waamuzi waliagizwa kuwa wakali kwa mlinzi anayemwekea mkono mwenye mpira. Zamani mlinzi mwenye nguvu aliweza kumsukuma mdogo hadi anapotaka yeye. Sasa hiyo ni faulo.

Kuna na ufundi. Mchezo unaotumika zaidi leo ni wa watu wawili: mrefu anasimama kama ukuta kumzuia mlinzi, gadi anapita ubavuni mwake. Kwa sekunde moja hivi, walinzi wawili wanalazimika kuamua nani anabaki na nani. Gadi mwenye kasi anaishi ndani ya hiyo sekunde. Akiona mrefu wa wapinzani amerudi nyuma, anatupa. Akiona amesogea, anampita, au anaurusha mpira juu kwa upole mapema, kabla mkono wa mrefu haujanyanyuka. Huo mtupo wa kuelea ndio chakula cha wafupi. Asiyekuwa nao atazuiwa kila siku.

Markus Howard wa Marquette, sentimeta 180, alitumia mbinu hizi kuongoza ufungaji wa nchi nzima msimu wa 2019-20 kwa wastani wa pointi 27.8 kwa mechi. Miaka ya nyuma zaidi yuko Earl Boykins wa Eastern Michigan, sentimeta 165, ambaye mwaka 1996 aliisaidia timu yake kuitoa Duke kwenye mashindano ya taifa. Na Muggsy Bogues, sentimeta 160, alikaa Wake Forest miaka minne hadi akachaguliwa namba 12 kwenye drafti ya NBA ya 1987. Msimu wake wa kwanza Washington alicheza na Manute Bol, Mdinka wa Sudan mwenye sentimeta 231. Ile picha yao wakiwa wamesimama bega kwa… hapana, si bega kwa bega. Itafute tu.

Faida ambayo watu wanaisahau

Kwa kweli siri kubwa ya gadi wafupi wa vyuo iko kwenye kalenda kuliko kwenye miguu.

Kijana wa miaka 19 mwenye sentimeta 206 na mikono mirefu anakaa chuoni mwaka mmoja, NBA inamchukua. Gadi wa 183 hata akiwa bora kuliko yeye, NBA inasita. Kwa hiyo anabaki. Anabaki mwaka wa pili, wa tatu, wa nne. Anapofika 22 anakutana na watoto wa 19 waliotoka sekondari juzi, na yeye kila aina ya ulinzi ameshaiona.

Connecticut walitwaa ubingwa mwaka 2014 wakiwa wamepangwa namba 7, wakiongozwa na Shabazz Napier, sentimeta 185, akiwa mwaka wake wa nne. Fainali waliifunga Kentucky 60-54, timu iliyoanza na vijana watano wa mwaka wa kwanza. Bobby Hurley wa Duke, sentimeta 183, alimaliza miaka yake minne mwaka 1993 akiwa na mataji mawili na pasi za kufungisha 1,076, rekodi ya NCAA iliyodumu zaidi ya miaka 30.

Roberts naye hakuibuka tu. Alikuwa amecheza chuo kidogo cha daraja la pili mkoani New York, St. Thomas Aquinas. Kocha wake, Tobin Anderson, alipopata kazi FDU mwaka 2022 alihama naye pamoja na wenzake wawili. Purdue siku ile walikutana na watu wazima waliozoeana.

Pale urefu unapouma

Sasa upande mchungu, maana upo.

Makocha wazuri wanamtafuta mfupi kwa makusudi. Wanapanga mchezo ili walinzi wabadilishane, mdogo ajikute amebaki na mtu wa sentimeta 203 karibu na kikapu. Akiomba msaada, kuna mtu anaachwa wazi. Asipoomba, anafungwa juu ya kichwa. Mchezo wa aina hiyo ukirudiwa mara kumi, kocha wake anamtoa nje hata kama anacheza vizuri mbele.

Tatizo la pili ni gadi warefu. Ukikimbizwa na mtu mwenye kasi kama yako halafu amekuzidi sentimeta 15, hesabu zote za hapo juu zinavurugika. Purdue wanalijua hili vizuri. Gadi wao Braden Smith, sentimeta 183, alikuwa mwaka wa kwanza siku ile ya FDU. Hakukimbia. Mwaka uliofuata aliifikisha timu fainali, na mwaka 2025 akawa mchezaji bora wa ligi ya Big Ten. Lakini fainali hiyo ya 2024 Connecticut waliwasimamisha gadi wao warefu, akiwemo Stephon Castle mwenye sentimeta 198, wakaifunga njia ya mpira kwenda kwa wapigaji wa mbali. Edey walimwachia ajifungie zake 37. Purdue nzima ilitupa mitupo 7 tu ya pointi 3 na kuingiza mmoja. Ikaisha 75-60.

Kwa hiyo mfupi hana nafasi ya kuwa wa wastani. Mrefu asiyejua kutupa bado anabeba ribaundi na kupata dakika zake. Mfupi asiyejua kutupa, au asiyezuia, au anayepoteza mpira ovyo, hana kazi nyingine ya kufanya uwanjani.

Thabeet na Kemba

Wasomaji wa Tanzania wanalo jina moja linalosaidia kuona jinsi macho ya wasaka vipaji yanavyofanya kazi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, sentimeta 221, alisoma na kucheza Connecticut kuanzia 2006. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, na mwaka huohuo akachaguliwa namba 2 kwenye drafti nzima.

Ndani ya timu hiyo alikuwemo gadi wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, Kemba Walker, sentimeta 185. Yeye hakuondoka. Miaka miwili baadaye, Machi 2011, Kemba aliiongoza Connecticut kushinda mechi tano ndani ya siku tano na kubeba kombe la ligi ya Big East, kisha mwezi uliofuata wakatwaa ubingwa wa taifa. Alichaguliwa namba 9 na Charlotte, akaja kuwa nyota wa All-Star mara nne. Thabeet hakudumu NBA kwa kiwango kilichotarajiwa.

Hii haimaanishi kuwa urefu ni bure. Thabeet aliupata mlango kwa sababu ya urefu, na mlango huo bado uko wazi kwa warefu wa Afrika kuliko kwa wafupi. Kijana wa Dar au Nairobi mwenye sentimeta 175 hatafutwi na mtu. Inabidi aonekane kwa njia ndefu: vyuo vya miaka miwili, daraja la pili, kisha kuhama. Spud Webb, sentimeta 170 hivi, alipita chuo cha miaka miwili cha Midland, Texas, ndipo North Carolina State wakamchukua.

Na siku hizi njia hiyo ina pesa. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kwa gadi mfupi ambaye NBA haimtaki, chuo kinaweza kuwa ndiyo kazi yenye mshahara mkubwa kuliko zote atakazopata.

Zeigler alilielewa hilo. Alipomaliza msimu wake wa nne mwaka 2025, aliipeleka NCAA mahakamani akitaka aruhusiwe kucheza mwaka wa tano. Kwenye madai yake alieleza kuwa mwaka huo mmoja ungeweza kumwingizia kati ya dola milioni 2 na milioni 4. Juni jaji alikataa kutoa zuio alilokuwa ameliomba.

Baadaye mwezi huohuo NBA ilifanya drafti yake na kuita majina 59. La mlinzi bora wa SEC halikuwemo.