Kulala Matema kwa bajeti ndogo: uliza kabla ya kutuma pesa

Ufukwe si Zanzibar tu. Matema, wilayani Kyela, ipo kwenye Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Ukitoka Iringa, panda basi hadi Mbeya, kisha Kyela kupitia Tukuyu. Magari ya Matema hupita Ipinda.

Kabla ya kulipia chumba kwa simu, uliza: bei ni ya chumba au ya kila mtu? Chai ya asubuhi imo? Neti ipo? Kyela ni bondeni, kuna joto na mbu kuliko kwetu milimani. Unapotuma pesa, soma jina linalotokea. Kama si la hoteli uliyozungumza nayo, usiweke namba ya siri.

Epuka Aprili na Mei. Mvua ni kubwa.